Namba 8 mbili na bado miguu inaumia

Shikamoo fundi,

Mimi ni fundi sanifu wa upimaji ardhi. Kituo changu ni Dodoma, ila miezi ya mvua huwa tunapelekwa Kilombero kupima mashamba. Kazi yenyewe ni kutembea kutwa nzima, kupanda na kushuka vilima, na kuchuchumaa kwenye mawe ya mipaka.

Nimeshanunua jozi mbili za buti za ngozi na zote zimenishinda. Ya kwanza ni ya mtumba, ngozi nene nzuri. Kwenye ulimi imeandikwa 8, na chini yake kuna 39 iliyofutika nusu. Ilinibana vidole tangu siku ya kwanza. Muuzaji aliniambia nivumilie, ngozi inatanuka. Nimevumilia msimu mzima, na sasa kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi. Ya pili ni mpya, ya dukani, ina chuma mbele, imeandikwa UK 8. Hiyo kisigino kinapanda na kushuka hadi nimetoka malengelenge. Nikaongeza insoli ya pili, sasa vidole vinagusa chuma kwa juu. Nimepima miguu kwa rula nikiwa nimesimama: wa kushoto ni sentimita 25.2, wa kulia 25.6.

Kingine ni utunzaji. Ile ya mtumba ililowa Kilombero, nikaianika usiku karibu na jiko la mkaa ili asubuhi niivae. Ilipokauka ikawa ngumu. Jirani akanishauri mafuta ya nazi, nikapaka kila siku kwa wiki mbili. Sasa ngozi ina nyufa pale inapojikunja, na soli inamomonyoka kama andazi la juzi.

Ofisi imenipa fedha ya jozi moja tu. Ninunue namba ngapi? Mtumba au mpya? Nitazitunzaje kwenye vumbi la Dodoma na tope la Kilombero? Na hizi mbili, kuna ya kuokoa?

*Mpimaji, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu,

Umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: umeleta vipimo vya miguu yote miwili kwa sentimita. Kwa vipimo hivyo tu, nusu ya barua yako inajibika.

Buti zako zote mbili ni namba 8 na hakuna aliyekosea kuandika. Tatizo ni kwamba sokoni kuna namba 8 tatu tofauti. Namba 8 ya wanawake ya Marekani inakaribiana na 39 ya Ulaya. Namba 8 ya wanaume ya Marekani inakaribiana na 41. Namba 8 ya Uingereza ni 42. Kutoka 39 hadi 42 ni sentimita 2 kamili, na wewe ulizipata zote mbili, ile fupi kabisa na ile ndefu kabisa. Ndiyo maana kila namba unayoikuta kwenye buti uiulize kwanza ni ya nchi gani na ya jinsia gani. Ikiwa lebo haisemi, tafuta namba ya Ulaya, ile ya 36 hadi 47, kwa kuwa hiyo haina ya wanawake na ya wanaume.

Namba ya Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani kama milimita 6.7 kwa kila namba. Ya Uingereza na ya Marekani hupanda kwa theluthi moja ya inchi, kama milimita 8.5. Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui: namba hizo zote hazipimi mguu wako. Zinapima kalibu, lile umbo la mbao au plastiki ambalo kiatu hushonewa juu yake, na kalibu ya buti ya kutembelea huwa ndefu kuliko mguu kwa sentimita 1.5 hivi ili vidole vipate pa kusogea. Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Chukua mguu mrefu zaidi, ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Wa kwako: 25.6 na 1.5 ni 27.1, mara 1.5 ni 40.65. Namba yako ni 41 ya Ulaya. Kwa Uingereza ni 7, kwa Marekani ya wanaume ni 8, na kwa Marekani ya wanawake ni 9 na nusu hivi.

Tazama sasa kilichokupata. Kalibu ya 39 ina sentimita 26. Mguu wako wa kulia ulibakiwa na milimita 4 tu mbele, na unaposhuka mteremko mguu husogea mbele zaidi ya hapo. Kidole gumba kilikuwa kinagonga ngozi kila hatua, damu ikavujia chini ya kucha. Hata ungevumilia miaka mitatu, ile buti isingerefuka. Ngozi hutanuka kwa upana, milimita chache, pale kwenye fundo la kidole gumba na juu ya unyayo, kwa sababu hapo imeachwa huru. Kwa urefu haitanuki: mbele kuna kiimarishi kigumu kilichofichwa kati ya tabaka mbili za ngozi, nyuma kwenye kisigino kuna kingine, na chini soli imeshashikilia kila kitu. Muuzaji anayekwambia "itatanuka" muulize itatanuka wapi. Akisema pembeni, anaweza kuwa sahihi. Akisema mbele, mrudishie buti yake.

Ile UK 8 kalibu yake ni sentimita 28. Umebakiwa na nafasi ya sentimita 2.4, zaidi ya mara moja na nusu ya inayotakiwa. Ubaya wa buti ndefu hauishii kwenye kisigino. Kila buti ina mahali pake pa kujikunja, na mahali hapo panatakiwa kuwa sawasawa na pale vidole vyako vinapoungana na unyayo. Buti ikiwa ndefu, inajikunja mbele ya hapo. Mguu unakunjika pake, buti inakunjika pake, na kisigino kinavutwa juu kila hatua. Insoli ya pili haikuweza kusaidia, maana insoli inajaza kimo, haijazi urefu. Ikakuinua hadi vidole vikafika kwenye dari la chuma.

Kabla hujaenda dukani, pima tena, safari hii jioni baada ya kazi, ukiwa umevaa soksi zile utakazofanyia kazi. Mguu huvimba kidogo kwa kutwa nzima ya kusimama, na buti inayokutosha vizuri saa tatu asubuhi inaweza kukubana saa kumi. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama uzito wote uwe kwenye mguu huo, na mtu mwingine akuwekee alama kwa penseli iliyosimama wima. Ukiinama mwenyewe kuchora, uzito unahama na kipimo kinapungua. Pima hadi kidole kirefu zaidi. Kwa watu wengi ni kidole gumba, lakini kwa wengine ni cha pili, na hao ndio hununua buti fupi bila kujua.

Pima na upana pia, pale penye fundo la kidole gumba hadi fundo la kidole cha mwisho. Sikuombi uwe na hesabu ya upana. Ninachotaka ni uikate karatasi kwa umbo la mguu wako na uende nayo. Ukifika dukani, toa insoli ya buti, iweke juu ya karatasi. Umbo la mguu likimwagika nje ya insoli pande zote mbili kwa zaidi ya milimita chache, buti hiyo ni nyembamba kwako hata kama urefu umekaa sawa. Usipande namba ili kupata upana. Ndiyo njia ya haraka ya kurudi kwenye malengelenge. Tafuta kalibu pana zaidi. Baadhi ya watengenezaji huandika upana kwa herufi baada ya namba, na kadiri herufi inavyosonga mbele ndivyo buti inavyokuwa pana.

Buti nyingi mpya za kazi zina namba ndogo ya tarakimu tatu kwenye lebo ya ndani, kama 255, 260 au 265. Hizo ni milimita, na mara nyingi ni urefu wa mguu wenyewe, si wa kalibu. Ukiiona, ndiyo namba ya kuanzia. Kwa mguu wa milimita 256, anza na 260.

Halafu vaa. Kwanza bila kufunga kamba: sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha jaribu kupitisha kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kubanwa kidogo, urefu ni sawa. Kikipita kwa ulegevu, ni ndefu. Kisipopita, ni fupi. Pili, gonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma, funga kamba, na utembee. Kisigino kinaruhusiwa kupanda kama nusu sentimita kwenye buti mpya ngumu, kwa sababu soli bado haijazoea kukunjika. Zaidi ya hapo, iache. Tatu, tafuta mteremko au ngazi na ushuke. Vidole visiguse mbele hata kidogo. Nne, chuchumaa kama unavyochuchumaa kwenye jiwe la mpaka, kaa hivyo dakika nzima, bila haraka.

Hapo pa kuchuchumaa ndipo buti ya chuma inapojulikana. Kofia ya chuma ina ukingo kwa nyuma, juu ya vidole. Ukisimama huusikii. Ukichuchumaa, ngozi inajikunja na ukingo ule unashuka juu ya fundo la kidole gumba au la kidole kidogo. Ukiusikia dukani, utaumia kazini, kwa kuwa chuma hakitanuliwi na fundi yeyote. Kofia ya alumini au ya plastiki ngumu ni nyepesi zaidi, lakini nayo haitanuki. Na jiulize kama kweli unakihitaji. Kofia ya buti yenye alama EN ISO 20345 imejaribiwa kwa mpigo wa juli 200, sawa na kilo 20 zikianguka kutoka kimo cha mita moja hivi. Kwa eneo la ujenzi hilo ni la lazima. Kwa kutembea shambani na kubeba vifaa vya upimaji, buti ya ngozi isiyo na chuma ni nyepesi, inajikunja vizuri na inakauka upesi. Kama ofisi inawadai chuma, basi timiza, ila uvumilivu wako dukani uongezeke mara mbili.

Jambo moja kwa wanawake. Buti nyingi za kazi zinazouzwa kwetu zimeshonwa kwenye kalibu za wanaume, na kisigino cha mwanamke kwa kawaida ni chembamba zaidi ukilinganisha na upana wa mbele. Ndiyo maana unaweza kupata urefu sahihi na bado kisigino kikacheza. Ukikosa kalibu ya wanawake, kamba zitakusaidia. Funga kawaida hadi pale mguu unapokunjika, mbele ya kifundo. Hapo zungusha kamba mbili moja juu ya nyingine mara mbili badala ya mara moja, vuta kwa nguvu, kisha endelea juu kama kawaida. Mzunguko huo wa pili hushikilia na hauachii, hivyo kisigino kinabaki nyuma na vidole vinabaki na nafasi yao hata unaposhuka.

Sasa mtumba au mpya. Ngozi ya mtumba mara nyingi ni bora kuliko ya buti mpya ya bei ileile, nakubali. Hatari iko upande wa soli. Buti nyingi za kutembelea zina tabaka laini kati ya soli na ngozi, la povu la poliyurethani. Povu hilo huvunjwavunjwa na unyevu pamoja na joto, polepole, hata buti ikiwa imekaa kwenye boksi bila kuvaliwa. Baada ya miaka kadhaa linaanza kupasuka, kunata au kubomoka. Hicho ndicho kilichoimaliza soli yako. Ilifika sokoni ikiwa tayari imezeeka, na maji ya Kilombero yakaikamilisha.

Ukienda soko la mitumba, Memorial kule Moshi au Karume hapo Dar, kuchagua buti, fanya hivi. Bonyeza ukucha kwenye ubavu wa tabaka hilo. Likiwa zima, alama inarudi. Likiwa limechoka, ukucha unazama na alama inabaki, au unga unatoka. Shika buti kwa mikono miwili, ikunje kwa nguvu, na utazame mstari unaounganisha soli na ngozi. Ukiona mwanga au nyufa nyembamba, achana nayo. Chungulia ndani kwenye kisigino: bitana ikishatoboka hadi plastiki inaonekana, itakuchuna. Na tazama soli imelika upande gani. Kama imelika sana upande mmoja, insoli na kisigino vimeshachukua mwendo wa mwenye nayo wa kwanza, na utalazimishwa kutembea kama yeye. Kwenye buti za usalama, lebo ya ndani inatakiwa kuonyesha ilitengenezwa lini. Isome. Mimi nisingenunua ya povu iliyozidi miaka mitano, hata kama inang'aa.

Kwa fedha ya jozi moja na kazi kama yako, nunua mpya. Itafute yenye soli iliyoshonwa kwa uzi unaoonekana kuzunguka ukingo, au walau yenye soli ya mpira tupu bila povu. Soli iliyoshonwa fundi anaweza kuibandua na kuweka nyingine. Iliyobandikwa kwa gundi inabadilishika kwa shida, na ile iliyomiminwa moja kwa moja kwenye ngozi kiwandani kwa kawaida haibadilishiki. Viwanda vya hapa kwetu, kama kile cha ngozi cha Karanga kule Moshi, navyo vinashona buti, na faida yake ni kwamba ukikosa namba unaweza kuuliza.

Ukishaipata, usiivae siku ya kwanza kwenda porini. Ivae ndani ya nyumba, juu ya mkeka safi, saa moja kila jioni kwa wiki moja. Ikikukataa, soli bado ni safi na duka litakuelewa. Usiiloweshe maji "ili ishike mguu", na usiipige nyundo kisigino. Vaa soksi za sufu au za mchanganyiko wa sufu na nailoni. Za pamba tupu zinashika jasho na ngozi yako iliyolowa ndiyo inayochubuka.

Tuje kwenye utunzaji, na nianze na jiko la mkaa maana ndilo lililoua ngozi yako.

Ngozi ni nyuzinyuzi zilizosokotana, na kiwandani zimewekewa mafuta ili ziteleze moja juu ya nyingine. Ndiyo maana inajikunja bila kukatika. Ikilowa, maji yanajaa kati ya nyuzi. Ikikaushwa polepole, nyuzi zinarudi mahali pake. Ikikaushwa kwa moto, ngozi iliyolowa husinyaa kwa joto dogo kuliko ile kavu, nyuzi zinagandana, mafuta yanasogea na kutoka, na inakuwa ngumu. Ukiikunja hapo, nyuzi hazitelezi tena, zinakatika. Joto hilohilo linalainisha gundi ya soli. Jua kali la Dodoma saa saba mchana, buti ikiwa juu ya zege au bati, linafanya kazi hiyohiyo kwa mwendo wa taratibu. Kipimo ni hiki: weka kiganja pale buti ilipo. Kama hutaki kukiacha hapo dakika tano, buti nayo haitaki.

Buti iliyolowa ikaushwe hivi. Toa kamba, toa insoli, fungua ulimi wote. Osha tope siku hiyohiyo kwa maji baridi na brashi, kwa sababu tope linapokauka juu ya ngozi linavuta unyevu na mafuta kutoka ndani. Jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa hadi kwenye vidole, bila kuishindilia ikavimba. Baada ya saa moja au mbili yatoe, yatakuwa yamelowa, weka mengine. Badilisha tena kabla ya kulala. Ilaze ubavu, au isimamishe ikiegemea ukuta, ili soli nayo ipate hewa, kivulini, penye upepo. Hesabu siku moja hadi mbili. Kwa hiyo Kilombero usiende na jozi moja tu. Beba gambuti kwa siku za majaruba na mafuriko, na buti ya ngozi iwe ya siku nyingine. Hata bila mvua, buti inayovaliwa kila siku haipati nafasi ya kutoa jasho lote, na jasho lina chumvi. Ukiona mistari myeupe juu ya ngozi, ndiyo hiyo chumvi. Changanya siki kipimo kimoja na maji vipimo viwili, futa kwa kitambaa, kisha futa tena kwa maji matupu.

Dodoma adui ni vumbi. Linakaa kwenye mikunjo, na kila hatua chembe zake zinakata uso wa ngozi. Dakika mbili za brashi kila jioni zitakuongezea maisha ya buti kuliko mafuta yoyote. Mswaki wa zamani utumie kwenye mishono na pale ulimi ulipoungana na ngozi. Usitumie sabuni ya unga wala ya mche. Ngozi ina asili ya asidi kidogo, na sabuni hizo zina asili ya magadi. Zinaondoa uchafu pamoja na mafuta. Sabuni ya ngozi ikikosekana, kitambaa chenye maji na kilichokamuliwa kinatosha.

Kulisha ngozi mafuta ni kwa haja, si kwa ratiba ya kila siku. Dondosha tone la maji mahali pakavu na safi. Likikaa juu kama shanga, subiri. Likinywewa na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, ngozi ina njaa. Kwa kazi yako itakuwa kila wiki tatu au nne, na baada ya kila kulowa. Chukua kiasi cha punje ya maharage kwa buti moja, sugua kwa kitambaa hadi kipotee, ukirudia pale inapojikunja. Acha usiku kucha, asubuhi piga brashi.

Mafuta gani? Dawa ya ngozi yenye nta ya nyuki ndiyo bora kwako, kwa sababu inalainisha na inazuia maji kwa pamoja. Ukishindwa kuipata, itengeneze: gramu 30 za nta safi, gramu 75 za mafuta ya nyonyo, kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja kwenye moto, maana nta inashika moto. Koroga, mimina kwenye kopo, acha igande. Jaribu kwanza upande wa ndani wa ulimi, kwa kuwa itaongeza weusi kidogo.

Mafuta ya nazi yanalainisha kweli, sitakudanganya, lakini kila siku kwa wiki mbili yalikuwa mengi mno. Mafuta yaliyozidi yanalegeza ngozi hadi inapoteza umbo, yanakusanya vumbi, yanafika kwenye gundi. Mafuta ya mgando nayo yaache, yanabaki juu na yanadhoofisha mpira wa soli. Kiwi ya kopo ni nta, rangi na kiyeyushi. Inapendezesha na inakinga uso, ila hailishi ndani, na ukiipaka tabaka juu ya tabaka bila kusafisha, inapasuka kwenye mikunjo. Ile ya maji yenye sponji juu ya chupa usiiguse kabisa kwa buti ya kazi. Na kama ngozi ya buti yako mpya hainywi tone la maji hata ikiwa kavu na safi, inawezekana imefunikwa utando wa plastiki. Hiyo mafuta hayaingii. Ifute tu na uilinde na mikwaruzo. Ngozi yenye manyoya mafupi kama mahameli haitaki nta wala kiwi, inataka brashi na dawa ya kupuliza ya kuzuia maji.

Ukimaliza msimu wa Kilombero, usizifungie kwenye mfuko wa plastiki. Zitaota ukungu. Ukungu ukitokea, futa nje ya nyumba kwa siki na maji nusu kwa nusu, kausha kivulini, ndipo ulishe mafuta.

Mwisho, jozi zako mbili. Ile ya mtumba, kunja mahali penye ufa na uchungulie kwa tochi. Ukiona mstari tu, ngozi ina kiu na inaweza kurudi kwa kulishwa mara tatu, usiku mmoja ukipita kati. Ukiona nyuzi za rangi hafifu zilizosimama ndani ya ufa, zimekatika na hakuna dawa inayoziunga. Vyovyote itakavyokuwa, kwako ni fupi, kwa hiyo usiigharimie soli mpya. Kama ngozi imepona, mpe mwenye mguu usiozidi sentimita 24.5, na umwambie ukweli kwamba soli ni ya kubadilishwa. Fundi akitaka kuirudishia ileile kwa supaglu, akatae. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu na soli inajikunja, kwa hiyo inaachia. Inatakiwa gundi ya mpira, ipakwe pande zote mbili baada ya kupigwa msasa na kung'olewa povu lote bovu, isubiriwe dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ibanwe, na isivaliwe kwa saa 24.

Ile ya UK 8 ni nzima. Toa insoli uliyoongeza, isafishe, iuze kwa mtu wa mguu wa sentimita 26.5, na fedha hiyo ununulie gambuti. Kucha nyeusi usiing'oe. Ikate iliyobaki kwa mstari ulionyooka, itajisukuma yenyewe nje. Ikianza kupwita, kuvimba au kutoa usaha, nenda zahanati, na usivae buti ya chuma mpaka wakuruhusu.